Shajara ya mradi: kuchuja kuvu zenye vimeng'enya vya kukata polima

6 Januari: Tunachotafuta

Mradi huu unachuja kuvu ili kupata zile zinazotoa nje ya seli vimeng'enya vya kukata vifungo vya esta (viungo vya mnyororo vinavyokatika kwa msaada wa maji) katika plastiki za jamii ya poliesta. Polima tatu, yaani minyororo mirefu ya molekuli, zimepangwa kwa ugumu wake. Ya kwanza ni polikaprolaktoni, ambayo kuanzia hapa itaitwa PCL. Inafuata poliyurethani ya aina ya poliesta, na mwisho PET, plastiki ya chupa.

Kuvu zina sababu ya kuwa na vimeng'enya hivi. Jani la mmea limefunikwa kwa kutini, poliesta ya asili, na kuvu zinazoshambulia mimea huitoboa kwa kimeng'enya kiitwacho kutinesi. Kutinesi ya Fusarium solani imechunguzwa kwa miongo kadhaa. Ile ya Humicola insolens inastahimili joto na inauzwa tayari, kwa hiyo ndiyo kipimo linganishi chanya katika kila hatua ya mradi. Sahani au filamu yoyote isiyoitikia kutinesi hiyo inatupwa pamoja na matokeo yake.

Polietilini imeachwa nje kwa makusudi. Mnyororo wake ni kaboni kwa kaboni, hauna kifungo ambacho kimeng'enya kinaweza kukikata kwa msaada wa maji. Lazima kwanza uoksidishwe. Ripoti ya 2024 kuhusu Parengyodontium album, kuvu ya baharini, ilihusu polietilini iliyokwisha kupigwa na mionzi ya urujuanimno, yaani sehemu ya kazi ilikuwa imefanywa na mionzi hiyo. Anayetaka njia hiyo atahitaji vipimo vingine kabisa.

Mpangilio wa kazi: sahani yenye polima, kisha mchujo (maji ambamo kuvu imekua, yakiwa yamechujwa), kisha filamu, kisha mazao ya ukataji yenyewe. Kuvu inapanda hatua ikiwa tu imeshinda vipimo linganishi vya hatua iliyotangulia.

14 Januari: Kutenga kuvu

Sampuli: majani yanayooza, mboji ambayo bado ina joto, sponji kuukuu ya poliyurethani iliyoachwa nje, na vipande vya plastiki vilivyochakaa udongoni. Gramu 1 ya sampuli inatiwa katika mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85 yenye Tween 80 (sabuni) ya asilimia 0.01, inatikiswa, inazimuliwa mara kumi kumi hadi 10⁻⁴, kisha mikrolita 100 zinapakwa kwenye sahani. Hakuna jipya hapo.

Tatizo lilikuwa Rhizopus na Trichoderma. Kwenye agari (jeli ya kuoteshea) ya viazi na dekstrosi zilifunika sahani nzima kabla kuvu za polepole hazijachipua, na sahani zote za kundi hilo zikatupwa. Agari mpya ina rozi-bengali miligramu 25 kwa lita, diklorani miligramu 2 na kloramfenikoli miligramu 100. Rozi-bengali hufupisha koloni na diklorani huzuia zinazotambaa. Kloramfenikoli, ya kuzuia bakteria, inavumilia otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu), kwa hiyo inaweza kuingia kabla ya kuchemsha.

Angalizo ambalo maelekezo mengi hayalitaji: rozi-bengali ikikaa kwenye mwanga hugeuka sumu kali kwa kuvu zenyewe. Sahani zilizoachwa juu ya meza karibu na dirisha zilitoa koloni chache mno, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba sampuli ni maskini. Zifunge kwa karatasi ya alumini tangu zinapomwagwa hadi zinaposomwa.

27 Januari: Sahani za joto na Aspergillus fumigatus

PET hulegea karibu na nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi, na kimeng'enya kinachofanya kazi kwenye joto la kawaida hukuta minyororo imekakamaa. Ndiyo maana sehemu ya mboji ilioteshwa kwa nyuzi 45, kwa matumaini ya kupata kuvu zipendazo joto. Tulichopata ni zulia la kijani-buluu la Aspergillus fumigatus karibu kila sahani.

Kuvu hii ni ya kawaida mno kwenye mboji, inakua vizuri kwa nyuzi 37, inavumilia 50 na zaidi kidogo, na spora zake ndogo hufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu ni hatari ya kweli. Sahani hizo hazikufunguliwa. Zilitiwa kwenye mifuko na kupelekwa otoklevu kwa nyuzi 121, dakika 30 badala ya 15 za kawaida kwa sababu mfuko uliojaa sahani hupata moto polepole katikati.

Marekebisho yalikuwa mawili. Sahani zote za joto sasa zinafunguliwa ndani ya kabati ya usalama wa kibiolojia daraja la II pekee. Na kila koloni inayoshukiwa kuwa ya joto inapandwa mara mbili, nyuzi 50 na nyuzi 20. Kuvu ya joto halisi, kama Thermomyces lanuginosus, haikui kwa nyuzi 20. A. fumigatus inakua kote kuwili, hivyo inajitambulisha yenyewe bila kuhitaji hadubini.

Kuvu zilizobaki zimepewa herufi: M kwa majani, P kwa sponji na plastiki, J kwa kuvu za joto.

10 Februari: Sahani za PCL

Hii ndiyo hatua iliyokula vifaa vingi kuliko zote, nayo inaonekana nyepesi ukiisoma kwenye karatasi. Lengo ni agari yenye weupe wa maziwa ulio sawasawa, ili kimeng'enya kinapokata PCL kiache ukanda angavu kuzunguka koloni.

Jaribio la kwanza: PCL ya uzito mkubwa wa molekuli, karibu 80,000, iliyeyushwa katika asetoni kwa kiasi cha asilimia 2.5, ikamwagwa ndani ya agari ya moto. Asetoni huchemka kwa nyuzi 56, kwa hiyo ilifoka mara ilipogusa agari, na PCL ikatoka kama nyuzi za gundi zilizojiviringisha kwenye kikorogeo cha sumaku. Jaribio la pili: mchanganyiko uliokuwa mzuri ukapelekwa otoklevu ukiwa tayari na PCL. PCL huyeyuka kwa nyuzi 60 hivi; ilipotoka nyuzi 121 matone yote yalikuwa yameungana na kuelea juu kama mafuta, na agari ya chini ilikuwa safi kama maji.

Kutokana na hayo mawili, nyuzi 60 ni mstari usiovukwa baada ya PCL kuingia. Njia inayofanya kazi sasa ni hii.

PCL ya uzito wa molekuli wa 10,000 hadi 14,000, gramu 1, inayeyushwa katika mililita 80 za asetoni kwenye maji ya nyuzi 45, ndani ya kabati la kuvuta hewa, bila mwali wowote wa moto na bila kuziba chupa kabisa. Myeyuko huo unamiminwa kwa mkondo mwembamba ndani ya mililita 200 za maji yaliyosafishwa kwa otoklevu na kupozwa, huku yakikorogwa kwa kasi. Yanageuka maziwa papo hapo. Ukiona nyuzi, myeyuko ni mzito mno: ongeza asetoni, usiongeze kasi. Kikorogeo kinaachwa kikizunguka usiku kucha ndani ya kabati la kuvuta hewa, chupa imefunikwa pamba tu, hadi harufu ya asetoni iishe. Asetoni iliyobaki huzuia spora kuchipua, na hilo linaweza kusomeka kimakosa kuwa kuvu haipendi PCL.

Agari inaandaliwa kando katika mililita 780: K₂HPO₄ gramu 5.4, KH₂PO₄ gramu 2.6, amonia salfeti gramu 1, dondoo ya hamira gramu 0.5, agari gramu 15. Fosfati hizo mbili zinatoa bafa (kinachozuia pH kuyumba) ya milimola 50 yenye pH 7. Gramu 0.2 za magnesiamu salfeti zinachemshwa katika chupa yake, mililita 20, na kuingizwa mwishoni. Agari ikipoa hadi nyuzi 55 maziwa ya PCL, yaliyopashwa hadi nyuzi 45, yanaingia, yanachanganywa taratibu bila mapovu, na kumwagwa mara moja.

Kwa nini magnesiamu itengwe? Ikichemshwa pamoja na fosfati na amonia katika pH ya 7 hutengeneza mashapo meupe. Sahani inakuwa na ukungu ambao si PCL, na asidi yoyote kutoka kwa kuvu inauyeyusha. Ukanda unaotokea ni mzuri wa kupigwa picha, lakini hauna uhusiano wowote na kimeng'enya. Sahani isiyotiwa PCL, yenye vitu vingine vyote, sasa inamwagwa na kila kundi: ikiwa na weupe, kundi zima linatupwa.

Badiliko dogo lenye faida kubwa: sahani inamwagwa tabaka mbili. Chini mililita 15 za agari isiyo na PCL, juu mililita 5 zenye PCL. Tabaka jembamba husafishwa upesi zaidi kuliko nene, na kuvu dhaifu ambazo zilikuwa hazionekani zikaanza kuonekana. Pia hutumia robo tu ya PCL.

24 Februari: Kusoma sahani, na kanda za uongo

Sahani zinakaa nyuzi 28 kwa muda usiozidi wiki mbili na kusomwa juu ya kitambaa cheusi, mwanga ukitoka ubavuni. Mwanga wa kutoka juu hufuta kanda hafifu.

Uongo wa aina ya kwanza ni asidi, hata baada ya kuondoa mashapo. Aspergillus niger na jamaa zake humwaga asidi ya oksaliki na ya sitriki kwa wingi. Kila sahani sasa ina visima vinne vya milimita 6: bafa tupu, kutinesi ya Humicola, kutinesi hiyohiyo iliyouawa kwa otoklevu, na asidi ya sitriki ya pH 3. Kisima cha asidi kikitoa ukanda, sahani haisomwi. Kutinesi iliuawa kwa otoklevu kwa sababu kuchemsha kwa dakika chache hakutoshi kuaminika kwa kimeng'enya kinachostahimili joto kiasi hicho.

Uongo wa aina ya pili ni ule wa kukosa. Kuvu nyingi hutanda haraka kuliko kimeng'enya kinavyosambaa ndani ya agari, hivyo ukanda upo lakini umefichwa chini ya koloni. M-11 iliandikwa "hasi" hadi utando wake ulipokwanguliwa kwa kioo chembamba, na chini yake agari ilikuwa angavu kabisa. Kukwangua ni lazima kwa kila koloni kabla ya kuandika hasi.

Uongo wa tatu ulitokana na sukari. Kundi la awali lilikuwa na glukosi gramu 10 kwa lita ili kuvu zote zikue sawa. Zilikua, na karibu hakuna iliyotoa ukanda. Kuvu yenye glukosi tele huzima jeni za vimeng'enya vya kutafutia chakula kigumu, na kutinesi ni kimojawapo. Ndiyo sababu mapishi ya hapo juu yana dondoo ya hamira kidogo tu.

Na jambo moja la kupuuzwa kabisa: kukua. Kuvu kukua kwenye agari isiyo na kaboni nyingine ila plastiki hakuthibitishi chochote. Agari yenyewe ina uchafu wa kaboni, spora imebeba akiba yake, na hewa ya maabara ina mvuke wa ethanoli. Kuvu nyingi zilikua vizuri kwenye sahani linganishi isiyo na polima hata kidogo. Wapo wanaoandika "inakula plastiki" kwa ushahidi huo pekee. Sisi safu hiyo tumeifuta kwenye jedwali.

12 Machi: Impranil

Impranil DLN ni poliyurethani ya poliesta iliyotawanywa majini, nyeupe kama maziwa, na hutoa sahani nzuri kwa kazi ndogo. Mililita 5 kwa lita, ndani ya agari ileile ya nyuzi 55. Haipiti kwenye kichujio cha mikromita 0.2 kwani chembe zake hukiziba, kwa hiyo inaingia kama ilivyo na sahani kadhaa zisizopandwa huachwa kwenye inkubeta kuona kama imeleta wageni. Usiigandishe. Chupa iliyowekwa kwenye friza kwa nia ya kuitunza ilirudi ikiwa na madonge yasiyotawanyika tena, ikatupwa yote.

Ukanda hapa unasomwa kwa tahadhari. Weupe hupotea pale sehemu za esta zinapokatwa. Vifungo vya yurethani vinaweza kubaki vizima. Ripoti ya 2011 kuhusu Pestalotiopsis microspora, kuvu iliyotengwa ndani ya mimea ya msitu wa Ekuado, ilitumia Impranil hiyohiyo, na kimeng'enya kilichoshukiwa kilikuwa cha jamii ya serini haidrolesi, yaani ukoo wa vimeng'enya unaojumuisha kutinesi nyingi. Kwenye jedwali letu safu inaitwa "esta za poliyurethani". Kuvu zilizoshinda zilijaribiwa pia kwenye vipande vya poliyurethani ya poliyetha, isiyo na esta. Hakuna kilichotokea, kama ilivyotarajiwa.

P-03 na P-08, zote za sponji kuukuu, zilitoa kanda kubwa kwenye Impranil lakini hafifu kwenye PCL. M-11 na J-02 zilitoa kwenye zote mbili.

2 Aprili: Mchujo na p-nitrofenili butireti

Kuvu zilizobaki zimepandwa kwenye maji: mililita 50 ndani ya chupa ya mililita 250, spora milioni 1 kwa mililita, mizunguko 150 kwa dakika. Nyuzi 28 kwa M na P, nyuzi 45 kwa J. Bafa ileile, dondoo ya hamira gramu 1 kwa lita, unga wa PCL gramu 2. Kundi la pili lilitumia maganda ya nyanya badala ya PCL, yaliyokaushwa, kusagwa na kuoshwa kwa ethanoli, kwa kuwa ganda la nyanya limejaa kutini. M-11 ilitoa kimeng'enya mapema zaidi kwenye maganda, J-02 haikujali.

Shughuli ya kimeng'enya inapimwa kwa p-nitrofenili butireti, ambayo ikikatwa hutoa p-nitrofenoli ya njano inayosomwa kwenye nanomita 405. Ndani ya mililita 1: bafa ya pH 8 mikrolita 900, mchujo mikrolita 80, na mikrolita 20 za akiba ya milimola 50 iliyoyeyushwa katika asetonitrili. Somo kila sekunde 30 kwa dakika 5.

Vikwazo vilikuwa vinne. Njano ya p-nitrofenoli hutegemea pH: nusu yake hupata rangi karibu na pH 7.15, hivyo mstari wa vipimo uliochorwa kwa pH 8 hauwezi kutumika kwa mchujo uliopimwa kwa pH 7. Chora upya kwa kila bafa. Pili, dutu hii hukatika yenyewe polepole, na kwa kasi zaidi pH ikipanda, kwa hiyo chupa isiyo na kimeng'enya inasomwa sambamba na kasi yake kutolewa. Tatu, mchujo wa kuvu nyeusi ni wa kahawia na unafyonza mwanga hapohapo kwenye 405. Kila mchujo unahitaji kipimo chake cha rangi bila dutu. Nne, matone ya asetonitrili yakiingia bila kuchanganywa haraka hutoa wingu linaloshuka taratibu, na spektrofotomita inalisoma kama shughuli hasi.

Hata vyote vikienda sawa, kipimo hiki ni cha kupanga foleni tu. Esteresi (kimeng'enya cha kukata esta) yoyote ya kawaida huikata dutu hii ndogo bila uwezo wa kugusa plastiki. P-08 ilikuwa ya kwanza kwa njano na ya mwisho kwa filamu, kama itakavyoonekana.

PMSF, kizuizi cha vimeng'enya vya serini, ya milimola 1, iliyoyeyushwa katika isopropanoli, ilizima shughuli ya M-11, P-03 na J-02. Hiyo inaelekeza kwenye serini haidrolesi, lakini proteesi za serini (zinazokata protini) nazo huzimwa vivyo hivyo, kwa hiyo michujo yote ilipitishwa pia kwenye sahani ya kaseini, protini ya maziwa. Iandae PMSF wakati wa kuitumia: ikishaingia majini kwa pH 7 hadi 8 hufa ndani ya muda mfupi, na kundi moja lililoachwa likisubiri lilionyesha kimeng'enya "kisichozuilika" ambacho hakikuwepo.

28 Aprili: Filamu na mizani

Filamu za PCL, sentimita 2 kwa 2, unene wa milimita 0.1, zina uzito wa karibu miligramu 45. Zinaingia kwenye mchujo uliochujwa kwa mikromita 0.2, halafu zinaoshwa kwa SDS (sabuni) ya asilimia 2, kusuuzwa, kukaushwa na kupimwa.

Kundi la kwanza liliharibika kwenye tanuri la kukaushia. Maelekezo ya kawaida ya kupima plastiki husema kausha kwa nyuzi 60, na kwa polietilini ni sawa. PCL ilijikunja ikashikana na kioo. Sasa nyuzi 40, kisha kwenye desiketa (chombo kisicho na unyevu) mpaka uzito utulie.

Mizani ilileta usumbufu wake. Filamu kavu hubeba umeme tuli na namba hutembea bila kutulia. Kuigusisha kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kupima kumemaliza sehemu kubwa ya tatizo. Kanuni yetu: badiliko chini ya miligramu 0.5 halihesabiwi, liwe la kupungua au kuongezeka. Kuongezeka kupo kweli. Kuvu hutoa haidrofobini, protini ndogo zinazogandamana na uso usiopenda maji, na SDS haiziondoi zote. Si adui tupu: katika Aspergillus oryzae haidrofobini iitwayo RolA huvuta kutinesi na kuikusanya juu ya poliesta, jambo lililoripotiwa 2005. Hiyo ni sababu mojawapo ya mchujo mzima kufanya vizuri kuliko kimeng'enya kilichotakaswa, na asiyelijua hilo atafikiri alikiua wakati wa kukitakasa.

Filamu za vifungashio zilizojaribiwa kwa kulinganisha zilipungua uzito hata ndani ya maji matupu yenye SDS. Kilichotoka ni viongezi, yaani vilainishi na mafuta ya kuteleza. Tumezifuta. Filamu bila viongezi pekee ndizo zinazoingia kwenye hesabu, na hata hizo zinaoshwa kwa ethanoli na kupimwa upya kabla ya kuanza.

Matokeo: M-11 na J-02 zilitoboa filamu kiasi cha kuonekana kwa macho, na michujo yake iliyouawa haikufanya kitu. P-03 ilipunguza uzito kwa kiasi kidogo juu ya mpaka. P-08 hakuna.

26 Mei: PET

Ni M-11, J-02 na P-03 tu zilizofika hapa. Dutu ni filamu ya PET isiyo na mpangilio, yenye kiwango cha fuwele chini ya asilimia 10. Ukuta wa chupa umevutwa wakati wa kutengenezwa na una fuwele nyingi zaidi. Kuanza nao ni kujinyima matokeo. Anayesaga PET apoze kwa nitrojeni ya kimiminika, maana joto la kinu linatosha kuongeza fuwele.

Mizani haitoshi hapa, ukataji ni mdogo mno. Tunatafuta mazao: asidi ya terefthaliki na MHET, vipande vidogo vya mnyororo wa PET, ambazo hufyonza mwanga wa nanomita 240. Protini na pigmenti za mchujo hufyonza hapohapo, na masomo ya awali yalikuwa kelele tupu. Dawa yake ilikuwa utando wa kilodaltoni 10, unaotumika mara mbili. Kabla ya jaribio, mchujo unaoshwa kwenye utando huo kwa bafa mpaka kinachopita kisomeke sawa na bafa. Kutinesi za kuvu zina kilodaltoni 22 hivi na hubaki juu. Baada ya jaribio, mchanganyiko unapitishwa tena, na safari hii kinachopita ndicho kinachosomwa: MHET ina daltoni 210 tu, inapita, protini inabaki. Kilichoonekana kinathibitishwa kwa kromatografia ya kimiminika, safu ya C18, pamoja na terefthaliki na MHET halisi kama vielelezo.

Bafa ni milimola 100, pH 8. Kwa milimola 20 kutinesi ya Humicola yenyewe ilisimama njiani: kila esta inayokatwa hutoa asidi, pH ilishuka, na kimeng'enya kikalala.

M-11 na P-03 kwa nyuzi 30: hakuna tofauti na mchujo uliouawa. J-02 kwa nyuzi 50: MHET ndogo lakini ya wazi kwenye kromatografia, terefthaliki hafifu. Kwa nyuzi 60 ilizalisha zaidi mwanzoni kisha ikakoma, na njano ya p-nitrofenili butireti ikaonyesha kwamba kimeng'enya chenyewe kilikuwa kimekufa. Kutinesi ya Humicola kwenye filamu ileile kwa nyuzi 70 iliendelea. Hapo ndipo J-02 iko kwa sasa: inaweza PET, haiwezi joto ambalo PET inalihitaji.

Sahani za BHET, ambazo baadhi ya watu huzitumia kuwakilisha PET, zilisafishwa na kuvu zote tatu na P-08 juu. BHET ni molekuli ndogo yenye esta mbili. Esteresi yoyote inaiweza. Hatuzimwagi tena.

16 Juni: Majina

Kutambua kuvu kwa DNA: vianzishi ITS1 na ITS4 vya kunakili eneo liitwalo ITS, nyuzi 55 za kushikana, mizunguko 35. P-03 na P-08 hazikutoa kitu. Zote mbili ni nyeusi, na melanini, pigmenti yao, huzuia polimeresi, kimeng'enya cha kunakili DNA. Albumini ya damu ya ng'ombe, miligramu 0.4 kwa mililita ndani ya mchanganyiko, pamoja na kuzimua DNA mara kumi, kulitoa mkanda safi wa kati ya jozi 500 na 700.

ITS ilitosha kusema M-11 ni Fusarium na kuishia hapo. Spishi za Fusarium hazitenganishwi kwa ITS, jeni nyingine, TEF1, imeagizwa. J-02 imeangukia karibu na Humicola, jambo linaloacha uwezekano kwamba tumetenga upya kimeng'enya kinachouzwa tayari. Jeni yake ya kutinesi itasomwa kabla ya kutumia kemikali zaidi kuitakasa.

30 Juni: M-11 inapoteza nguvu

M-11 iliyohamishwa sahani hadi sahani kwenye agari ya viazi imeanza kukua laini na nyeupe, spora chache, na ukanda wake wa PCL umekuwa mwembamba. Akiba ya kwanza, iliyogandishwa nyuzi 80 chini ya sifuri katika gliseroli ya asilimia 20, bado inatoa ukanda kamili. Fusarium inajulikana kwa tabia hii ya kudhoofika inapolishwa vizuri. Kuanzia sasa kila jaribio linaanzia kwenye chupa iliyogandishwa, na vipande vya agari vyenye kuvu vimewekwa pia ndani ya maji safi kwenye chupa ndogo, joto la chumba, kwa ajili ya siku friza itakapokatikiwa umeme. Vipimo vya filamu vya M-11 vilivyotumia sahani za uhamisho vinarudiwa. Vya J-02 vilitoka kwenye akiba na vinabaki kama vilivyo.